Mzee Shuka Avua Aproni

Tarehe thelathini Juni, saa kumi jioni, dobi mkuu wa hospitali yetu ya kanisa anastaafu baada ya kututumikia miaka thelathini na sita na miezi minne. Aliingia tarehe mosi Machi akiwa kijana wa miaka ishirini na mitatu, mwenye shati moja la maana na barua ya mchungaji mfukoni. Anatoka akiwa na mvi, magoti yanayotabiri mvua, na jina ambalo hakuna aliyembatiza nalo lakini kila mtu analijua: Mzee Shuka. Hata kwenye orodha ya zamu ameandikwa hivyo. Mwaka juzi mgeni kutoka ofisi kuu aliisoma orodha hiyo, akauliza kwa heshima zote ukoo wa Shuka ni wa upande gani.

Mimi ni fundi cherehani wa chumba cha mashuka. Kwa miaka ishirini na saba mimi naye tumetenganishwa na ukuta mmoja wenye kidirisha cha kupitishia nguo; yeye anafua, mimi natia viraka. Nimeombwa kuandika wasifu huu kwa sababu, kama alivyosema muuguzi mkuu, mimi ndiye niliyemwona kuliko wengine. Ni kweli nimemwona, ila mara nyingi ilikuwa kupitia mvuke.

Wasiofika kule nyuma niwaeleze. Chumba cha kufulia kiko baada ya wodi ya wazazi, mwisho wa ile njia yenye sakafu nyekundu. Asubuhi maji yakishachemka, mvuke hupanda hadi kwenye mbao za dari, na jua likiingia kupitia madirisha ya juu, mwanga wote hugeuka kuwa kama maziwa. Vitu hupoteza kingo zake. Ndoo, pipa, meza ya kukunjia, vyote huelea. Ndani ya weupe huo utasikia sauti ya mtu akiimba tenzi taratibu, bila maneno, kwa pua tu, na ndipo utajua dobi yupo. Alikuwa na utaratibu wake: mablanketi mazito aliyafua kwa nyimbo za polepole, na foronya kwa zile za kuchangamka. Nikiwa upande wangu wa ukuta niliweza kujua kilichomo kwenye pipa bila kuinua macho kwenye sindano.

Nje ya mlango ndipo zilipo kamba za kuanikia, safu tisa. Siku ya upepo mashuka yote hujaa na kuinuka pamoja. Baba mmoja aliyekuwa akizinduka baada ya upasuaji aliyaona kupitia dirisha, akamuuliza nesi kwa sauti ya amani kabisa kama tayari amefika mbinguni. Nesi akamjibu, "Bado, baba. Hapo ni kwa dobi." Mgonjwa akashukuru, akalala tena.

Kazi alifundishwa na dobi aliyemtangulia, mama mmoja mfupi, mkali kama pilipili, ambaye alimfukuza mara tatu katika wiki ya kwanza na mara zote tatu akamfuata getini kumrudisha. Kosa lake la kwanza lilikuwa kulitupa shuka chafu sakafuni. Yule mama alimwambia, "Usilitupe. Kuna mtu ametoka humo sasa hivi." Mzee Shuka alitusimulia jambo hili mara nyingi, na kila aliyepita mikononi mwake kujifunza kazi, watu kumi na mmoja kwa hesabu yangu, alilisikia siku ya kwanza kabla hajaonyeshwa sabuni ilipo.

Kutokana na hilo akajizoesha kitu ambacho mimi nilikigundua baada ya miaka miwili. Kila alipomaliza kukunja shuka, aliliwekea kiganja juu kidogo kabla ya kulipeleka kwenye rafu. Nilidhani analainisha kitambaa. Siku moja nilimuuliza, naye akaona haya kama mwanafunzi aliyekamatwa. Akasema anamwombea atakayelala humo. "Simjui, dada, lakini Bwana anamjua." Basi. Akaendelea kukunja. Wagonjwa wetu wote wa miaka thelathini na sita, waliosali na wasiosali, wamelala ndani ya sala hiyo na hawajui.

Msidhani alikuwa mtu wa kusali tu. Kicheko chake kilipenya ukuta. Kuna siku alikuta meno ya bandia, seti nzima, ndani ya foronya. Aliyasuuza, akayaweka juu ya kisahani, akayafunika kwa leso safi iliyopigwa pasi, akaanza kuzunguka wodi moja baada ya nyingine akiuliza kwa unyenyekevu, "Samahani, kuna mtu amepungukiwa?" Alimpata mwenyewe katika wodi ya nne, bibi aliyekuwa amegoma kuzungumza na madaktari siku mbili, nao wakidhani hali yake imekuwa mbaya. Na mwaka alipopewa cheti cha utumishi bora, kilikunjamana njiani kurudi nyumbani. Akakipiga pasi. Jina lake likafifia hadi likawa la kahawia, na hivyo ndivyo kilivyo hadi leo sebuleni kwake.

Sasa niseme habari ya mwoka mikate, kwa maana bila yeye wasifu huu haukamiliki.

Ilikuwa mwaka wangu wa pili hapa. Mwoka mikate alikuwa mama wa makamo, mshirika wa kanisa letu, mwenye tanuri lake mtaa wa pili kutoka hospitalini. Alilazwa kwa kifua kikuu katika chumba cha peke yake, mwisho wa njia. Wakati ule watu waliuogopa ugonjwa ule kuliko walivyouelewa. Ndugu zake walimpungia mkono dirishani, baadaye wakaacha hata kupunga. Mhudumu wa wodi aliyachukua mashuka yake kwa ncha ya fimbo ya ufagio, akayaacha nje ya mlango wetu kama mtu aliyebeba nyoka. Wasaidizi wawili wa dobi wakasema hawagusi.

Mzee Shuka, ambaye wakati huo hakuwa mzee hata kidogo, alivaa glavu zake kama kawaida, akayaokota, akayatia kwenye maji yanayochemka. "Maji ya moto yanajua kazi yake," aliwaambia wenzake, "na sisi tujue yetu." Kuanzia siku hiyo hakuruhusu mtu mwingine kuyafua. Aliyapiga pasi upya pembe zote nne, jambo ambalo hatukuwa tukilifanya kwa mashuka ya wodini, akayapeleka mwenyewe hadi mlangoni, akagonga, akasalimu. Kila siku, kwa muda wa miezi miwili. Mwoka mikate alikuja kutuambia kwamba siku zile alikuwa ameshaanza kuamini kuwa ananuka kifo, hadi alipoona zile pembe zilizopigwa pasi. Alisema alizishika moja moja, akalia, akapata usingizi.

Alipona. Daktari akamwandikia barua kwamba hana tena kitu cha kumwambukiza mtu. Lakini barua ya daktari haiuzi mkate. Asubuhi ya kwanza alipofungua tanuri, mikate ilitoka myekundu na mizuri, harufu ikajaa mtaa mzima, na watu wakapita upande wa pili wa barabara. Saa moja na nusu Mzee Shuka akatokea na aproni yake ya kazi. Akanunua mkate mmoja, akavuta stuli, akaketi pale pale mbele ya mlango, akaula wote, mkavu, taratibu, macho ya mtaa mzima yakiwa juu yake. Alipomaliza akapangusa makombo, akasema kwa sauti ya kusikika, "Shemeji, nifungie mingine sita. Leo kanisani kuna chai baada ya maombi." Jioni ile mchungaji alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono kwenye sinia. Baada ya wiki mbili watu walikuwa wakipanga mstari tena.

Miaka ilikwenda. Inakwenda hivyo kule nyuma, bila kelele, kama maji yanayopungua kwenye nguo iliyoanikwa. Unageuka tu na kukuta imekauka. Nilizaa watoto wawili. Yeye alimsindikiza binti yake wa pekee madhabahuni, binti akaolewa mbali.

Mwaka ule mtambo mkubwa wa kufulia ulipoharibika, vipuri vilichukua wiki tatu kufika. Jumapili, ibada ya jioni, baada ya matangazo, Mzee Shuka alisimama, akasema maneno machache tu: hospitali ina vitanda tisini, na mikono yake ni miwili. Jumatatu asubuhi walikuja watu arobaini na wawili wenye mabeseni. Mwalimu mkuu wa shule ya msingi alikunja suruali hadi magotini. Wazee wa kanisa walichota maji. Uani kulijaa mapovu na nyimbo, na watoto wachanga walilala kwenye vikapu vya nguo safi.

Katika hao walikuwamo mwongozaji wa kwaya na katibu wa akina mama, ambao hawakuwa wamesemeshana kwa zaidi ya mwaka kwa sababu ya ugomvi wa sare. Kanisa zima liligawanyika juu ya jambo lile. Wengine walikaa kulia, wengine kushoto, na mchungaji alihubiri akitazama saa ya ukutani ili asionekane ana upande. Shuka zito lililolowa halikamuliki na mtu mmoja. Wanahitajika wawili, kila mmoja ashike mwisho wake, wasokote kinyume. Mzee Shuka akampa mwongozaji ncha moja, na bila kumtazama usoni akampa katibu ncha ya pili. Kisha akaenda zake. Sisi wengine tukajifanya tuna kazi nyingi.

Walisimama pale. Maji yakawadondokea miguuni.

"Shika vizuri," akasema mmoja.

"Nimeshika. Zungusha wewe."

Ndivyo ule mwaka wa kununiana ulivyokwisha. Kufikia saa sita walikuwa wakigombana kwa sauti juu ya nani anasokota vibaya, na kufikia Jumatano walikuwa wakicheka hadi wakaangusha shuka kwenye matope, likabidi lifuliwe tena.

Miaka mitatu iliyopita, zamu ilikuwa yake.

Mke wake, wifi yangu kwa mazoea, alipata kiharusi asubuhi akifungua dirisha. Alilazwa hapa kwetu siku kumi na tisa, kisha akarudishwa nyumbani, upande wa kulia ukiwa hauna nguvu na maneno yakiwa yamepotea. Mchungaji alimtembelea, na Mzee Shuka akamjibu getini, "Tunaendelea vizuri, mchungaji." Akina mama walipokuja na vyungu, aliwashukuru kwa adabu, akapokea chakula, akafunga geti. Binti alipiga simu kila jioni, akaambiwa mama amelala. Sote tulimwamini. Mtu ambaye amebeba wengine muda mrefu, watu husahau kwamba naye ana mgongo.

Mimi nilianza kushuku kwa sababu ya ukimya. Upande wa pili wa ukuta mashine zilinguruma, maji yalimwagika, lakini hakuna mtu aliyeimba. Mablanketi yalipita, foronya zikapita, zote kimya. Kisha nikaona mikono yake imepasuka vidoleni, na siku moja nikamkuta amelala akiwa amesimama, paji la uso juu ya rundo la mashuka, kama mtu aliyeweka kichwa begani kwa rafiki. Nikamgusa. Akaniambia yote huku ameinamisha macho. Alikuwa akiamka kabla ya jogoo kufua mashuka ya mkewe, anamlisha, anamgeuza, anakimbilia kazini kufua ya hospitali, adhuhuri anarudi mbio kumgeuza tena. Hakutaka watu wamwone mkewe katika hali ile. Alikuwa mwanamke nadhifu maisha yake yote.

"Nasali, dada," alisema, "lakini naona kama naongea na ukuta."

Na ninakiri mbele yenu leo kwamba mimi, mtu wa kanisa, niliogopa kumwingilia. Nilichofanya ni kupita kwa mwoka mikate jioni ile na kumwambia.

Kesho yake alasiri mwoka mikate alikwenda, akaketi kwenye ngazi ya nje ya geti na kikapu chake mapajani. Hakubisha hodi. Mzee Shuka aliporudi kutoka kazini alimsalimu, akamwambia wanaendelea vizuri. Akajibiwa, "Sawa, shemeji," na mama yule hakuinuka hadi giza lilipoanza kuingia. Siku ya pili vivyo hivyo. Siku ya tatu kulinyesha manyunyu, akajifunika khanga kichwani, akabaki pale pale. Mzee Shuka akatoka na mwavuli, akamwambia kwa hasira, na ni mara ya pekee niliyowahi kusikia kwamba alikasirika, "Unataka nini, mama?"

"Nataka mashuka," alisema mwoka mikate. "Yale machafu. Wewe hukuniuliza kama naona aibu. Uliyachukua ukafua. Sasa niletee."

Mzee Shuka anasema alisimama muda mrefu, mvua ikimgonga begani kwa kuwa mwavuli ulikuwa juu ya yule mama. Kisha akafungua geti.

Kuanzia hapo mambo yalikwenda yenyewe, kama mlango uliokuwa umekwama kwa unyevu. Mashuka akayachukua mwoka mikate. Jumanne na Alhamisi wakaja katibu wa akina mama na mwongozaji wa kwaya, ambao sasa hawaachani hata ukiwafukuza, wakamwogesha wifi, wakamsuka, wakamvalisha vizuri kuliko walivyojivalisha wenyewe. Fundi seremala wa kanisa alitengeneza mhimili wa mbao wa kujishikia kutoka kitandani hadi mlangoni, akaupiga msasa mara tatu ili usimchome kiganja. Nesi wa mazoezi alipita kila Ijumaa. Binti akaja, akamgombeza baba yake siku mbili, akamkumbatia siku ya tatu. Mimi nilikaa na wifi Jumamosi, nikishona, yeye akitazama sindano ikipanda na kushuka. Alasiri zile zilikuwa ndefu na tulivu. Pazia likipumua, vumbi likielea kwenye mwanga, na mara nyingine sote wawili tulisinzia bila kujua nani amemtangulia mwenzake.

Mwezi wa nne tangu geti lifunguliwe, Mzee Shuka akiwa anamlisha supu mkewe, mbele ya watu saba, wifi alikunja uso, akahangaika na mdomo wake, kisha akasema waziwazi, "Chumvi."

Imezidi, alimaanisha. Supu ilikuwa ya mwongozaji wa kwaya, ambaye badala ya kuona aibu alipiga kigelegele kilichosikika hadi barabarani. Mwoka mikate alipiga magoti. Mzee Shuka alibaki ameshika kijiko hewani, machozi yakimtiririka, akisema, "Ndiyo, mama. Chumvi. Ndiyo, mama," kana kwamba ameulizwa swali zuri kuliko yote duniani. Jumatatu iliyofuata, saa mbili kasoro, nilikuwa natia uzi kwenye cherehani niliposikia utenzi ukipita kwenye kidirisha. Ulikuwa wa foronya. Nikazima cherehani nisikilize.

Leo wifi anatembea kwa mkongojo na anazungumza taratibu, akichagua maneno kama mtu anayechagua matunda, na hakosei. Ameniagiza niandike kwamba mume wake hajui kupika na asisifiwe kwa hilo.

Ya ofisini niyataje kwa kifupi, maana muuguzi mkuu ameniletea karatasi. Mzee Shuka hakuwahi kukosa zamu bila taarifa. Ni yeye aliyependekeza banda la kuanikia wakati wa mvua, na ni yeye aliyeshinda njaa juu ya paa siku mbili kulikamilisha na mafundi. Ni yeye aliyeanzisha utaratibu wa kila mtoto anayezaliwa hapa kupokelewa kwa shuka laini lililopigwa pasi likiwa bado na joto. Ukiwa umezaliwa katika hospitali hii ndani ya miaka thelathini iliyopita, kitu cha pili kukugusa baada ya mikono ya mkunga kilitoka mezani kwake.

Kuna jambo moja la mwisho ambalo wengi hamlijui. Jumapili asubuhi huwa ndio wakati mzito kwa dobi, kwa sababu ya mashuka ya Jumamosi. Kwa hiyo miaka yote hii yeye alisali ibada ya jioni na mkewe ibada ya asubuhi. Ukiondoa harusi za watu, misiba na ile harusi ya binti yao, hawa wawili hawajawahi kuketi benchi moja kanisani. Wifi alinihesabia mara hizo, akacheka.

Jumapili hii, ibada ya saa tatu, watakuja pamoja. Wazee wa kanisa wamekubali, na mimi nawasihi nanyi wote mnaopenda kuwahi mbele: benchi la tatu upande wa dirisha, acheni nafasi ya watu wawili.

Kaka yetu, asante. Asante kwa kila usingizi uliotuandalia, na asante zaidi kwa siku ile uliyofungua geti, ukaturuhusu nasi tukutunze. Bwana akulinde wewe na mama, magoti yapone, alasiri ziwe ndefu. Nenda ukapumzike. Maisha mema, Mzee Shuka, lala vizuri.